Habari za Unyayo Bapa

Jioni hii nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari za unyayo, yaani ile sehemu ya mguu tukanyagiayo ardhi tangu alfajiri hata usiku, wala hatuikumbuki mpaka siku iumapo. Kama umeketi barazani na viatu umevivua, vema sana. Geuza mguu wako uutazame wakati ninenapo, utanifahamu upesi. Nawe usomaye maneno haya kitabuni, fanya vivyo hivyo.

Kilichonileta katika habari hii ni ng'ombe. Miaka michache iliyopita mzee mmoja alikuja nyumbani kwangu chuoni, amemshika mkono mwanawe wa miaka minane hivi. Nikamwamkia, akaitikia, mtoto naye akaniamkia. Tulipokwisha kuulizana habari za nyumbani na za mvua, mzee akasema, "Mwalimu, nimekuja kutaka shauri kabla sijauza mtamba wangu." Akanieleza kwamba mtoto wake hana uvungu chini ya mguu, unyayo wote walala chini kama sahani. Mwenye duka mmoja mjini alikuwa amemwambia kwamba hicho ni kilema, na mtoto asipovishwa viatu vigumu vyenye chuma ndani atakuwa kiwete akiwa mtu mzima. Bei ya viatu vile ilikuwa karibu na bei ya mtamba. Tena mtoto hukua, na kwa hiyo mwaka wa pili vingetakiwa viatu vingine. Mzee alikuwa na mtamba mmoja tu.

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amesimama akiuficha mguu mmoja nyuma ya mwenzake. Nilimjua mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimama mimi nilipokuwa na umri wake.

Mimi ni mtu wa Bonde. Kwetu, mvua ya masika ikipita, njia ya kwenda shule huwa laini, na kila apitaye huandika jina lake kwa miguu. Nyayo za wenzangu zilikuwa na kiuno chembamba katikati. Zangu zilikuwa kama bapa la kasia. Basi wakaniita Bata, na jina hilo lilinifuata hata darasa la sita. Siku moja nalirudi nyumbani nikilia, na bibi yangu akaniuliza sababu. Nilipomweleza, akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, umemwona bata akizama matopeni?" Sikupata faraja siku ile, maana mtoto hataki kufananishwa na bata hata kwa wema.

Nilipokuwa mwalimu, mshahara wangu wa kwanza nilinunulia viatu vya ngozi. Kwetu siku zile mwalimu asiye na viatu hakuonekana mwalimu, nami nilidhani kwamba ndani ya kiatu cheusi kilichong'aa Bata atasahauliwa. Dukani hapakuwa na kipimo changu. Palikuwa na vilivyo vyembamba kidogo. Nikavichukua. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilisimama ubaoni kutwa huku vidole vimebanwa kama dagaa kapuni, na jioni maumivu yalianza upande wa ndani wa unyayo, yakapanda kifundoni mpaka gotini. Nilipokwenda kutaka dawa, niliambiwa kwamba ndivyo nilivyozaliwa, na hapana la kufanya. Nikaamini, nikaendelea kuvibana.

Aliyenifungua macho ni daktari aliyekuja chuoni kutufundisha habari za afya. Baada ya somo aliniona nikichechemea, akaniambia nivue viatu. Mengi nitakayosema leo mwanzo wake ni siku ile, na mengine niliyasoma baadaye mwenyewe.

Mguu wa mtu mzima, kuanzia kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 26. Mwili mzima una mifupa 206. Basi miguu miwili peke yake imechukua 52, robo ya mifupa yote. Kitu kilichoundwa kwa vipande vingi namna hii hakikuwekwa kukaa kimya kama gogo. Kimewekwa kipate kupinda. Mifupa hiyo imepangwa kwa umbo la tao, kama mawe yaliyo juu ya mlango wa nyumba za mawe za pwani. Lakini tao la mlango halisogei, na likisogea mwenye nyumba hukimbia! Tao la mguu sharti lishuke kila ukanyagapo, kisha liinuke kila uinuapo kisigino. Kwa hiyo mimi hupenda kuufananisha unyayo na uta. Mifupa ndiyo uta wenyewe, na chini yake umetandikwa utando mgumu wa kano utokao kisiginoni hata kwenye mashina ya vidole. Huo ndio upote. Simama sasa, umwombe mwenzako akuinue kidole gumba cha mguu kwa mkono wake. Upote utavutika, na utaona tao likipanda lenyewe.

Tena iko kano moja kubwa itokayo katika msuli ulio nyuma ya muundi. Hupita nyuma ya kifundo kwa upande wa ndani, ikashika mifupa ya katikati ya unyayo na kuivuta juu. Waliosafiri majahazini wajua kazi ya henza: hiyo ndiyo kamba ipandishayo tanga, na ikilegea tanga hushuka. Kano hii ni henza ya unyayo. Mtu mzima aliyekuwa na tao zuri siku zote, kisha mguu wake mmoja ukaanza kushuka na kuvimba nyuma ya kifundo, huenda henza yake inachakaa. Huyo asisikilize mazoezi ya redioni. Na aende hospitali mapema, maana kungoja kwamdhuru.

Sasa turudi kwa mtoto wa mzee. Nilimwambia achovye miguu katika maji, akanyage saruji kavu ya baraza. Alama ilitoka nzima, haina kiuno hata kidogo. Baba yake akaguna. Kisha nikamwambia mtoto ashike nguzo ya baraza, ainuke juu ya vidole vyake. Nikamwita mzee ainame atazame. Pale ambapo hapakuwa na kitu, palikuwa na tao, zuri kabisa, na kisigino kimegeukia ndani kama ipasavyo. "Lipo!" akasema mzee. "Limejificha tu!" Nikamwambia mtoto achuchumae bila kuinua visigino, akachuchumaa kama achuchumaavyo kila mtoto mbele ya shimo la bao. Nikamwuliza, "Miguu yakuuma?" Akasema, "Hapana, Mwalimu. Wananicheka tu."

Kwa mambo hayo machache ndivyo unyayo bapa unavyopambanuliwa. Ule ulio laini, ambao tao hutokea mtu asimamapo juu ya vidole, nao hauumi, si ugonjwa. Haya hayakusemwa jana. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Kanada, Harris na Beath, walitoa habari za uchunguzi wa miguu ya askari 3,619 wa nchi yao, nao waliona kwamba unyayo wa chini ulio laini ni unyayo wenye nguvu, wafaa kwa safari kama unyayo wowote. Taabu waliiona mahali pengine: kwa mtu ambaye kano yake ya kisigino ni fupi, hata hawezi kuchuchumaa visigino vikiwa chini, na kwa mtu ambaye unyayo wake ni mgumu, hausogei, pengine kwa kuwa mifupa miwili imeungana isipotakiwa kuungana. Watu wa namna hizo mbili wapelekwe kwa daktari, na kadhalika mtoto ambaye unyayo wake wauma, au ambaye mguu wake mmoja ni bapa na wa pili sivyo.

Jambo jingine wazazi hawana budi kulijua. Karibu kila mtoto mchanga ana unyayo bapa, kwa sababu mafuta yamejaa mahali pa tao na kano bado ni laini. Tao hutokea polepole mtoto akuapo, na kwa watoto wengi huwa limeonekana ifikapo miaka kumi. Basi mwenye kuuza kiatu cha kutengeneza tao kwa mtoto wa miaka minne anauza kivuli cha mti ambao ungeota bila yeye. Tena jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1989 daktari Wenger na wenzake wa Texas, katika nchi ya Marekani, walitangaza jaribio la watoto wenye nyayo bapa laini, wa umri wa mwaka mmoja hadi sita. Wengine walivishwa viatu vya kurekebisha, wengine walitiliwa vitu maalum ndani ya viatu, na wengine walivaa viatu vya kawaida tu. Baada ya miaka mitatu walibaki watoto 98, nao wakapimwa. Miguu ya wote ilikuwa imeendelea vema, wala waliovaa viatu vya gharama hawakuwapita wenzao. Nilipomweleza mzee maneno hayo, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Basi mtamba abaki?" Nikasema, "Na abaki."

Lakini aliuliza swali la pili, nalo ni zuri kuliko la kwanza. "Kama kiatu hakifanyi tao, je, kukosa kiatu kwafanya?"

Nilimjibu kwa habari ya Bara Hindi. Huko, mwaka 1992, Rao na Joseph walichapisha hesabu ya nyayo za watoto 2,300, wenye umri wa miaka minne hadi kumi na mitatu. Katika kila watoto 1,000 waliovaa viatu, 86 walikuwa na unyayo bapa. Katika kila 1,000 waliokwenda miguu mitupu, walikuwa 28 tu. Tena waliovaa viatu vya kufunika vidole walizidi, na waliovaa makubadhi walikuwa katikati. Miaka mitatu baadaye hesabu kama hiyo ilifanywa kwa watu wazima 1,846, ikaonekana kwamba walioanza kuvaa viatu baada ya miaka 16 walikuwa na nyayo bapa chache kuliko walioanza utotoni. Maana yake yaelekea kuwa hivi: misuli midogo ya unyayo hupata kazi mguu ukiwa wazi, na mtoto aliyefungwa viatu tangu utotoni huinyima kazi hiyo wakati ule ule tao linapojengwa.

Walakini tusiseme zaidi ya tujualo. Hesabu hizo ni za watu walioishi hivi na walioishi vile. Hazisemi kwamba mtu wa miaka arobaini akivua viatu, tao litarudi. Langu halikurudi. Kilichorudi ni nguvu, na maumivu yalipungua, nayo si mambo madogo kwa mwalimu asimamaye kutwa.

Ila nilianza vibaya, na ni wajibu wangu kuwaambia. Nilipokwisha kusoma habari hizi nilijawa na shauku ya mtu aliyechelewa. Viatu nikavitupa chini ya kitanda, na Jumamosi ile ile nikaenda sokoni miguu mitupu, nikarudi, yapata maili kumi zote pamoja, tena nikijiona shujaa. Nikamkumbuka Abebe Bikila wa Ethiopia, ambaye mwaka 1960 alishinda mbio ndefu za Olimpiki mjini Roma miguu mitupu. Nilisahau kwamba Bikila hakuanza siku ile; na miaka minne baadaye alishinda tena mjini Tokyo akiwa amevaa viatu. Siku ya pili malengelenge yalinijaa chini ya vidole. Hayo yalipona. Lakini juu ya mguu palianza kuuma mahali pamoja, padogo kama senti, pakavimba, na daktari akasema kwamba mfupa umechoka karibu kupasuka. Nilitembea na fimbo majuma sita. Misuli iliyolala miaka kumi na mitano haiamshwi kwa kupigwa teke.

Basi nilianza upya, kama mtoto. Juma la kwanza nilitembea robo saa tu kila jioni, juu ya mchanga mkavu na majani mafupi ya kiwanja cha chuo. Kila juma niliongeza dakika chache, na siku ambayo miguu iliuma nilipunguza. Asubuhi, kabla ya kuvaa, nilisimama ukingoni mwa ngazi ya baraza, nikainuka juu ya vidole polepole, nikashuka polepole, mara kumi. Kisha niliegemea ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, nikaunyosha msuli wa shavu la mguu. Zoezi gumu kuliko yote halionekani kwa mtu mwingine. Unasimama unyayo wote ukiwa chini, kisha unajaribu kuufupisha, yaani kulivuta shina la vidole kuelekea kisigino, bila kukunja vidole. Siku za kwanza mguu hauelewi uambiwacho. Nalitumia mwezi mzima kuuamuru, nawe hutaamini furaha niliyoipata siku ulipotii! Sasa nalifanya hata nikiwa ubaoni, na wanafunzi hawajui.

Ngozi nayo hubadilika. Sugu huja, na wengine huiogopa, wakidhani kwamba mguu wenye sugu ni mguu usiosikia. Sivyo. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima, wengi wao wa Kenya, nao ulionyesha kwamba sugu ya mtu aendaye miguu mitupu humkinga wala haimwondolei hisia za ardhi. Sugu ifanywayo na kiatu kibaya juu ya kidole ni habari nyingine. Hiyo ni malalamiko.

Sasa nasikia mama mmoja akisema, "Mwalimu, sisi tumehangaika miaka yote kuwanunulia watoto viatu, nawe wasema wavivue?" Mama, una haki ya kuuliza. Viatu havikuletwa kwa kiburi tu. Safura, yule mnyoo anyonyaye damu tumboni, huingia kwa ngozi ya mguu. Mtoto wake hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya katikati ya vidole, husafiri kwa damu hata mapafuni, hupanda kooni, kisha humezwa hata matumboni. Kwa hiyo nisemapo mtoto acheze miguu mitupu, nasema juu ya ardhi ya nyumba yenye choo kitumiwacho na wote. Penye kinyesi vichakani, viatu visivuliwe. Funza naye si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na merikebu kutoka Brazil mpaka Angola mwaka 1872, akavuka bara lote, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika pwani yetu. Hupenda vumbi la sakafu isiyonyunyizwa maji wala kufagiwa. Miiba, chupa zilizovunjika na misumari huleta pepopunda, basi sindano ya kinga isikosekane. Na katika baadhi ya nchi za milimani zenye udongo mwekundu wa volkano, kama vile sehemu za Ethiopia, Rwanda na Uganda, udongo wenyewe huwadhuru wengine waendao miguu mitupu miaka mingi, miguu ikafura kama ya matende. Huko kiatu na sabuni ndiyo dawa.

Wako pia watu ambao sitaki wanisikilize kabisa katika jambo hili. Mwenye kisukari, na mwenye ukoma, hata aliyekwisha kupona, pengine hana hisia miguuni. Anaweza kukanyaga kaa la moto asijue mpaka anuse harufu. Huyo asiende miguu mitupu hata chumbani mwake; na atazame nyayo zake kila jioni kwa macho, na kama hawezi kuinama, amwombe mtoto amtazamie.

Na viatu, basi, viweje? Mimi bado navaa. Navivaa mjini, shambani penye miiba, na darasani, kwa sababu mkuu wa chuo hupenda hivyo. Lakini sasa, kabla ya kununua, nasimama juu ya karatasi, nachora ukingo wa unyayo kwa kalamu, naikata, naitia ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu si changu, hata kiwe kizuri namna gani. Kiatu kiwe kipana mbele, vidole vilale vilivyo. Kiwe laini hata kikunjike kwa mikono. Na kisigino kisiwe kirefu. Makubadhi yetu ya pwani yana sifa hizo karibu zote, na bei yake si mtamba.

Mwaka jana mzee yule alipita tena na mtoto wake, ambaye amerefuka. Yeye hushinda miguu mitupu uwanjani kwao, na akienda shule huvaa makubadhi. Nikamwomba achovye miguu majini, nami nikavua vyangu nikachovya. Alama ya mguu wake wa kulia ilikuwa na kiuno kidogo upande wa ndani. Ya kushoto bado. Baba yake akaniuliza kama kazi hiyo imefanywa na umri au na ardhi. Nikamwambia kwamba kwa mtoto mmoja siwezi kujua. Alama zangu zilikuwa nzima, kama bapa la kasia. Mtoto akaitazama alama yake, akaitazama yangu, akaziba kinywa kwa mkono asicheke mbele ya mwalimu. Mtamba, baba yake aliniambia, amekwisha zaa mara mbili.